Malale Tabora: ugonjwa uliodhaniwa kuwa wazimu

Mji wa Tabora uko kwenye njia kuu ya zamani ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Nje ya mji kuna misitu ya miombo, inayowapa warina asali riziki yao. Humo ndimo anamoishi ndorobo, mbung'o anayeeneza malale.

Sotoka ya mwaka 1890 na 1891 iliua ng'ombe wengi Afrika Mashariki, kisha vita na njaa vikapunguza watu. Mashamba yakageuka pori, na ndorobo akapata makao. Miaka ya 1920 na 1930, malale yalipozuka magharibi mwa Tanganyika, Waingereza waliwahamisha watu waliokaa kwa kutawanyika na kuwakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa msitu. Maambukizi yalipungua, lakini familia nyingi ziliacha mashamba na makaburi ya wazee wao.

Aina ya malale ya huku, rhodesiense, haikawii. Huanza na homa. Baada ya wiki au miezi michache vimelea huingia kwenye ubongo, na chembe za kinga hujazana kuizunguka mishipa midogo ya damu. Mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku. Mtu mpole huwa mkali, huongea yasiyoeleweka, huona yasiyokuwepo. Wapo waliodhaniwa wamerogwa au wamepatwa na wazimu, huku muda wa kuwaokoa ukipita.

Tiba nayo ilikuwa mtihani. Tangu mwaka 1949, wagonjwa ambao vimelea vilishaingia kwenye ubongo wao walidungwa melarsoprol, dawa yenye aseniki. Ilichoma mshipa ilipoingia, na takriban mgonjwa mmoja kati ya 20 aliuawa na dawa yenyewe. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza fexinidazole, vidonge vya kumeza, kwa wagonjwa wa rhodesiense wenye umri wa miaka 6 na kuendelea na uzito usiopungua kilo 20.

Wagonjwa ni wachache siku hizi, lakini Urambo na Kaliua bado ni maeneo ya hatari. Ndugu wasomaji, aliyetoka porini akapata homa, kisha tabia zikabadilika, msimkimbilie mganga wala msimfunge kamba. Mpelekeni hospitali, mwelezeni daktari kwamba alikuwa porini, na ombeni apimwe damu na, ikibidi, maji ya uti wa mgongo. Malale yanatibika, ila hayangoji.