Ngozi Inayokumbuka

Pita kwenye ploti yoyote ya Kisauni au Likoni siku ya kufua. Kamba zimejaa kanga, sare za shule na nepi. Shuka iliyokosa nafasi imetandazwa kwenye nyasi. Pembeni, chini ya mwembe, mbwa amelala kwenye mchanga wa kivulini. Sisi tunaona nguo na mbwa. Kuna nzi mmoja wa rangi ya manjano iliyokolea anayeona njia mbili za kufikia ngozi yenye joto.

Wataalamu humwita Cordylobia anthropophaga. Afrika Magharibi ni tumbu, kusini ni putsi, wengine wanamwita nzi wa maembe. Usimchanganye na funza wa miguuni, yule ni kiroboto. Huyu hutaga mayai 100 hadi 300 kwenye mchanga wenye mkojo au kinyesi, au kwenye nguo mbichi iliyoanikwa kivulini. Mabuu wakianguliwa, wanaweza kungoja siku kadhaa bila kula. Wakihisi joto la mwili wanatoboa ngozi na kukaa humo siku 8 hadi 12, wakiacha tundu dogo la kupumulia. Wewe unadhani ni jipu. Kumbe jipu lina mwenyewe.

Mwaka 1923, Blacklock na Thompson walichapisha utafiti kuhusu nzi huyu kutoka Freetown, Sierra Leone, ambako shule ya tiba ya tropiki ya Liverpool ilikuwa na maabara. Miaka minne baadaye, 1927, Blacklock na mwenzake Gordon wakarudi na swali zito zaidi. Tangu chanjo ya ndui ya Jenner mwaka 1796, ilijulikana kwamba mwili unaweza kujifunza kupambana na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Je, unaweza kujifunza kumkataa mnyama mzima, mwenye mdomo na utumbo wake?

Walitumia simbilisi, wale wanyama wadogo wenye manyoya, kama sungura asiye na masikio marefu. Mara ya kwanza mabuu waliingia wakanenepa. Wanyama walewale waliposhambuliwa tena, mabuu waliingia lakini wakafia humo wangali wachanga. Na kinga hiyo ilikaa kwenye ngozi hasa, palepale vita vilipopiganiwa.

Leo tunajua zaidi jinsi mwili unavyopigana na mabuu wa nzi. Chembe nyeupe za damu, hasa zinazoitwa eosinofili, humzunguka mvamizi. Mwili hutengeneza kingamwili, na ngozi huvimba na kuwasha. Hata mbuzi na kondoo wana vita vyao: nzi aitwaye Oestrus ovis huwawekea mabuu puani. Kamasi na chafya unazosikia ni sehemu ya mapambano, na mnyama aliyewahi kushambuliwa anaweza kuwadumaza mabuu wapya.

Lakini kinga ya namna hii hununuliwa kwa vidonda. Mbwa mzee ameshalipa; mtoto wake anaanza sifuri. Panya wanazaliwa kila siku, kwa hiyo nzi hakosi ngozi ngeni. Mtoto mchanga wa binadamu naye ni vivyo hivyo, na hakuna chanjo ya kumkinga.

Ndiyo maana katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki nguo iliyoanikwa nje haivaliwi kabla ya kupigwa pasi, hata nepi, hata nguo ya ndani. Nyanya mwenye pasi ya makaa alikuwa anaua mayai na mabuu kwa moto, mtoto akakingwa bila kuumia kwanza. Ukicheka hiyo kazi na kuiita ushamba, manake unamwachia mtoto ajifunze kwa ngozi yake.

Makaa yamepanda, na tokeni ya stima huisha haraka. Asiyeweza kupiga pasi kila kitu na aanike kwenye jua kali, mbali na kivuli cha mwembe, asitandaze nguo chini. Na hiyo pasi chache iliyopo, ianze na nguo za mtoto.