Michezo ya maswali kwenye TV: nani aliketi kitini, nani alipewa majibu, na Butiama inaingiaje humo

Hapa Musoma upepo wa ziwa ni ule ule, tunashukuru Mungu.

Juzi pale Nyasho baada ya mechi kwisha, mwenye banda aliweka chaneli yenye mchezo wa maswali. Amitabh Bachchan anauliza, mtu wa watu kitini anatoka jasho. Ubishi ukaanza hapo hapo. Mshikaji mmoja akasema, "Haya yote yamepangwa, majibu wanapewa nyuma ya pazia." Mimi nikabisha kwa nguvu zote. Basi nikaamua kukusanya ninayoyajua na kuyaweka sehemu moja, ili siku nyingine ubishi ukianza, mtu afungue hapa, tumalize. Nakiri mapema kwamba nusu ya ubishi nimeshindwa. Soma utaona.

MCHEZO WENYEWE ULITOKA WAPI

Usidhani Wazungu ndio walioanza. Sisi tumekulia kwenye "Kitendawili!" "Tega!" Ukishindwa unaambiwa "Nipe mji", na mwenye kitendawili anatembea mji wako anavyotaka, anakula na kunywa, halafu ndio anakupa jibu. Bibi yangu alishaninyang'anya Bunda, Mwanza na Dar es Salaam usiku mmoja. Kila kitu kimo humo: muulizaji, mtu wa kubanwa, watazamaji wa kucheka, na kitu cha kupoteza. TV iliongeza taa, muziki wa kutisha na mkwanja.

MGENI WA SIRI

Mmoja wa michezo mikongwe na maarufu kabisa ni What's My Line? wa kituo cha CBS, Marekani. Ulianza Februari 1950 na ukaendelea hapo hadi Septemba 1967, mwendeshaji akiwa John Daly. Mtu anaingia, jopo la watu wanne linamuuliza maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana tu, mpaka lijue anafanya kazi gani. Kila "hapana" ilimpa mgeni dola 5, na "hapana" zikifika 10 ameshinda. Yaani zawadi kubwa kabisa ilikuwa dola 50. Watu walienda kwa raha zaidi kuliko hela.

Utamu ulikuwa kwa mgeni wa siri. Jopo linafungwa vitambaa machoni, anaingia mtu maarufu, anabadilisha sauti wasimjue. Mchoraji Salvador Dalí aliwachanganya kabisa maana karibu kila swali alijibu ndiyo. Msanifu majengo Frank Lloyd Wright alikuja. Eleanor Roosevelt, mjane wa Rais Franklin Roosevelt, alikuja mwaka 1953. Bondia Muhammad Ali naye alikuja. Mchezo ulipohamia kwenye mfumo mwingine wa kurushwa baada ya CBS, mwaka 1973 aliingia gavana wa Georgia aliyeitwa Jimmy Carter, na jopo lilihangaika sana kumtambua. Miaka mitatu baadaye akachaguliwa kuwa Rais wa Marekani.

Sasa watu wa Butiama kaeni vizuri. Wageni watatu kati ya hao njia zao zilikuja kukutana na Mwalimu Nyerere.

Eleanor Roosevelt mwaka 1960 alikuwa na kipindi chake cha mazungumzo kwenye TV, Prospects of Mankind. Mmoja wa aliowakaribisha kuzungumzia uhuru wa Afrika ni Julius Nyerere, Tanganyika ikiwa bado haijapata uhuru.

Carter, Agosti 1977, alimpokea Mwalimu Ikulu ya Marekani kwa heshima zote.

Halafu Ali. Baada ya Urusi ya Kisovieti kuingiza majeshi Afghanistan mwishoni mwa 1979, Carter alitaka nchi zisusie Olimpiki ya Moscow. Februari 1980 akamtuma Muhammad Ali Afrika kushawishi. Akatua Dar es Salaam. Mwalimu akakataa kuonana naye! Bingwa wa dunia, anayependwa na kila mtu, lakini kwa Mwalimu suala la nchi halikuwa la kutumiwa mwanamichezo. Tanzania ikaenda Moscow, ikarudi na medali mbili za fedha: Filbert Bayi mita 3,000 kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui mita 5,000. Nyambui ni wa Majita, mwana Mara mwenzetu. Hadi Paris 2024 hizo ndizo medali pekee za Tanzania katika Olimpiki. Ingekuwa Mwalimu amekubali, leo tungekuwa na sifuri.

PAPER ILIPOVUJA

Hapa ndipo niliposhindwa ubishi. Mwaka 1956 Marekani ilikuwa na mchezo unaoitwa Twenty-One kwenye kituo cha NBC. Washindani wanakaa kwenye vibanda vya kioo, hawasikii nje, pesa nyingi. Bingwa alikuwa Herbert Stempel wa New York. Waandaaji walimpa majibu, wakamfundisha hadi namna ya kufuta jasho. Walipoona watazamaji wanataka sura mpya, wakamwambia ashindwe. Tarehe 5 Desemba 1956 aliulizwa filamu ipi ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora kwa mwaka 1955. Jibu ni Marty, filamu aliyoipenda sana. Akalazimika kutaja nyingine mbele ya nchi nzima. Fikiria, unaulizwa kitu unachokijua kama jina la mama yako, halafu unatakiwa uchemshe makusudi.

Aliyempokea ni Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, kijana mtanashati wa familia ya wasomi. Alizoa dola 129,000 na kuwekwa kwenye jalada la jarida la Time. Na yeye alikuwa anapewa majibu. Tarehe 2 Novemba 1959 alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Kazi ya ualimu ikaisha. Mwaka 1960 ikapitishwa sheria ya kufanya upangaji wa namna hiyo kuwa kosa. Robert Redford aliitengenezea kisa hiki filamu mwaka 1994, Quiz Show.

Kwa hiyo mshikaji wa Nyasho, ni kweli walishapanga. Lakini angalia na hili: walipogundulika, ikawa kashfa ya taifa. Watu waliumia kwa sababu waliamini.

KITI CHEUSI NA DEREVA TEKSI

BBC ya Uingereza ilianzisha Mastermind mwaka 1972, mwendeshaji Magnus Magnusson. Chumba giza, kiti kimoja cheusi, taa usoni. Aliyebuni, Bill Wright, alikuwa mwanajeshi wa anga aliyetekwa na Wajerumani kwenye vita vya pili vya dunia. Wazo alilitoa kwenye jinsi alivyokuwa akihojiwa na Gestapo. Siku hizo ukimwona mtu kitini unaelewa kwa nini anatetemeka.

Mwaka 1980 bingwa alikuwa Fred Housego, dereva teksi wa London. Shule alitoka na somo moja tu alilofaulu kwenye mtihani wao wa kidato. Mengine alisoma mwenyewe. Hii naiandika kwa ajili yetu tuliotoka kidato cha nne na cheti cha kuficha chini ya godoro. Madereva wa Bweri na bodaboda wa Makutano, mnasikia?

MILIONEA

Who Wants to Be a Millionaire? ulianza Uingereza Septemba 1998 na Chris Tarrant. Maswali 15, majibu manne ya kuchagua, na ruhusa ya kumpigia rafiki simu. Marekani, John Carpenter alikuwa wa kwanza kushinda dola milioni moja, Novemba 1999. Kwenye swali la mwisho alimpigia simu baba yake, sio kuomba msaada, ila kumwambia kwamba anakwenda kushinda. Huyo ni noma!

Kupiga chabo hakukuisha. Mwaka 2001 Meja Charles Ingram alijibu maswali yote huku mtu ukumbini akikohoa kila jibu sahihi linapotajwa. Hakulipwa, na mwaka 2003 mahakama ikamtia hatiani.

India walianza Kaun Banega Crorepati Julai 2000 na Amitabh. Mwaka 2011 Sushil Kumar, karani wa kompyuta kutoka Motihari, jimbo la Bihar, alishinda rupia milioni 50. Baadaye alisimulia mwenyewe kwamba umaarufu na hela vilimyumbisha sana maisha. Kushinda kuna mtihani wake wa pili.

HAPA KWETU AFRIKA

Mwaka 2007 ilianza Celtel Africa Challenge, mashindano ya maswali ya vyuo vikuu vya nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Muulizaji alikuwa Mkenya John Sibi-Okumu. Kampuni ilipobadilika jina mwaka 2008 ikawa Zain Africa Challenge. Kwa mara ya kwanza wengi wetu tuliona mwanafunzi wa Kiafrika anashangiliwa kwenye TV kwa kujua kitu, bila kupiga mpira wala kuimba.

JIHADHARI NA HIKI

Kuna mchezo mwingine unavaa suti ya maswali. Unaletewa meseji: "Mji mkuu wa Tanzania ni upi? A. Dodoma B. Bunda. Jibu ujishindie mamilioni." Mimi niliingia. Mama anauza dagaa Mwigobero, alinipa 20,000 ya fomu ya kuombea chuo. Nikajibu swali la kwanza, nikapongezwa. La pili, nikapongezwa. Nilikuwa napata yote, kila meseji inakata hela, nanunua vocha nyingine. Mpaka jioni ile 20,000 imekwisha, na muda wa fomu ukapita. Mama hakunipiga wala kugomba. Aliuliza tu, "Ulikosa swali gani, mwanangu?" Nikamwambia sikukosa hata moja. Akanyamaza. Hilo ndilo lililoniuma.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Kama maswali ni mepesi kuliko ya darasa la tatu, kama unalipa kila unapojibu, na kama kujua au kutojua hakubadilishi chochote, hiyo ni bahati nasibu. Mchezo wa kweli wa maswali, asiyejua anatoka.

Fomu nilijaza mwaka uliofuata, kwa hela ya kubeba mizigo. Naendelea kusubiri majibu. Wewe mwenye kumbukumbu ya mchezo nilioruka, au mwenye ubishi, tupia hapo chini. Ukishindwa, nipe mji. Ila sio Bunda, Bunda bado anayo bibi.