Kwa Nini Kizuizi cha Reli Kinaziba Nusu ya Njia?



Nimeombwa niandike kidogo katika tarikhi, nami nimechagua jambo tunalolipita kila siku bila ya kulitia maanani. Tulikuwa tumesimama pale barabara inapokatana na reli, hapa Uingereza, mjukuu wangu akaniuliza: "Babu, mbona kizuizi kinaziba nusu tu ya njia?" Katika miaka yote niliyosomesha, masuali mazuri kama hilo ni machache.

Zamani hapakuwa na nusu. Sheria ya mwaka 1839 iliyalazimisha makampuni ya reli kuweka malango kwenye vivuko vya barabara kuu, na mtu wa kuyafunga na kuyafungua. Mtu huyo alikuwa na macho. Mkokoteni ukikwama relini, anauona. Lakini mshahara wake ulikuwa gharama, na magari yakingoja sana. Mwaka 1961, pahala paitwapo Spath, katika mkoa wa Staffordshire, kikawekwa kizuizi cha mwanzo cha kujiendesha chenyewe. Treni ikikaribia, kengele inalia, taa nyekundu zinawaka na kuzimika, vizuizi vinashuka. Vinaziba upande wa kuingilia tu, ili aliyekwisha kuingia apate pa kutokea. Hilo ndilo jawabu la mjukuu.

Lakini mashine haina macho. Tarehe 6 Januari 1968, kwenye kivuko cha Hixon, mkoa huo huo, gari lililobeba transfoma ya tani 120 lilikuwa likivuka taratibu, limesindikizwa na polisi. Palikuwa na simu ya kumwuliza mwangalizi wa ishara za reli; haikupigwa. Onyo lilikuwa la sekunde 24. Gari lile lilihitaji kama dakika nzima. Treni ikaligonga, wakafa watu 11. Baada ya uchunguzi ikaongezwa taa ya manjano kabla ya nyekundu, na muda wa onyo ukarefushwa.

Mwanangu mmoja ni dereva wa lori, na kila akiondoka humkumbusha, nanyi vijana nawakumbusheni: onyo lile limepimwa kwa gari la kawaida. Ukiwa na mzigo mkubwa au mwendo wa pole, piga simu kwanza, wala usione haya. Na kizuizi kikishashuka usikizunguke. Ile nusu iliyo wazi ni ya mwenye kutoka, si ya mwenye kuingia.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi sote safarini. Amin.