Kukodisha baiskeli yako Garissa: Haki, gharama na miiba

Na MWANDISHI WETU

Mwenye baiskeli nzuri mjini Garissa hakosi kuombwa. Mwanafunzi wa chuo kikuu ataitaka Jumamosi alfajiri aende Bour-Algi kuwatazama twiga. Mtumishi wa serikali aliyepata uhamisho majuzi ataitaka apate kuujua mji. Naye mwendeshaji mwenzako, ambaye yake imevunjika ekseli, ataitaka wiki nzima huku akisubiri kipuri kutoka Nairobi, umbali wa kilomita zipatazo 370. Ukiwanyima wote utaitwa bahili, na ukiwapa wote bure, haitapita miezi mingi kabla hujaanza kutembea kwa miguu. Makala haya yanaeleza njia ya tatu, yaani kuikodisha kwa malipo, pamoja na mambo ambayo mwenye chombo na mkodi wanapaswa kuafikiana kabla gurudumu halijazunguka.

Biashara yenyewe si ngeni humu nchini. Katika mpaka wa Kenya na Uganda, eneo la Busia, ndiko ilikochipuka boda boda ya baiskeli katika miaka ya 1960, na kwa miongo mingi vijana wengi walioendesha vyombo hivyo hawakuwa wenyewe. Walimkabidhi mwenye baiskeli kiasi walichoagana kila jioni, kilichozidi kikawa chao. Katika lango la Mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, watalii hukodi baiskeli za kuzungukia hifadhi hiyo. Na wasomaji wa umri wangu watakumbuka fundi wa baiskeli aliyewakodisha watoto kwa nusu saa, saa yake ya mkononi ikienda mbio kuliko saa nyingine zote mtaani. Nchini Marekani, kampuni ya Spinlister ilijaribu kuifanya shughuli hii kupitia intaneti, ikiwaunganisha wenye baiskeli na wanaozihitaji, lakini ikasitisha huduma mwaka wa 2018.

Kaskazini Mashariki hali ni tofauti kidogo. Hapa punda na mkokoteni wake ndio waliobeba maji na mizigo, na tangu serikali ilipoziondolea ushuru wa VAT pikipiki ndogo mnamo 2008, pikipiki ndizo zilizochukua abiria. Baiskeli imesalia kuwa chombo cha mtu binafsi: cha kwendea kazini, cha mazoezi, na cha wachache wanaoipenda kwa ajili yake tu. Ndiyo maana anayekuja kuikodi mara nyingi ni mtu unayemjua, na ndiyo maana pia watu huona haya kuzungumzia masharti. Haya hiyo ndiyo mama wa ugomvi.

Kukodi, kukodisha na kuazima

Kwanza tuyaweke maneno sawa, kwa kuwa hata katika meza zetu za uhariri huchanganywa. Anayetoa chombo chake kwa malipo anakodisha. Anayekichukua na kulipa anakodi. Asiyelipa chochote ameazima. Tofauti hizi si za wanasarufi pekee, kwani zinaamua nani atagharamia hasara.

Wakazi wengi wa Garissa, Wajir na Mandera ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, na katika fikihi mkataba wa kukodisha huitwa ijara. (Garissa ina eneo liitwalo Ijara, sitadai kwamba majina hayo mawili yana nasaba.) Ili ijara isihi, manfaa yanayouzwa lazima yajulikane, muda ujulikane na ujira ujulikane. "Tutaelewana ukirudi" si mkataba. Mkodi huhesabiwa kuwa mwaminifu aliyeshika amana: baiskeli ikiharibika au kuibwa bila yeye kuvuka mipaka wala kuzembea, halazimiki kuilipa. Matengenezo yanayohitajika ili chombo kitumike ni juu ya mwenyewe.

Hali ya mwazimaji ni kinyume, na jambo hili huwashangaza wengi. Kwa Mashafii, aliyeazima bure ndiye mwenye dhamana: chombo kikipotea mkononi mwake atakilipa hata kama hakuzembea, isipokuwa kile kilichochakaa kwa matumizi yaliyoruhusiwa. Wanazuoni huitegemeza hukumu hii juu ya kisa cha Mtume Muhammad kuazima deraya kwa Safwan bin Umayya kabla ya vita vya Hunayn, mwaka wa nane wa Hijria, akimhakikishia kwamba angedhaminiwa. Kwa hivyo yule rafiki anayekataa kulipa Sh100 kwa kisingizio cha udugu huenda anajibebesha mzigo mkubwa kuliko huo.

Sheria ya Kenya, iliyorithi kanuni hizi kutoka Uingereza, inakaribiana na fikihi kwa kukodisha lakini ina jambo moja la ziada. Mkodi anatakiwa kuitunza baiskeli kama mtu mwangalifu angetunza mali yake, na ikipotea ni yeye anayepaswa kuthibitisha kwamba hakuzembea. Mwenye baiskeli naye hana budi kutoa chombo kinachofaa kwa kazi iliyoagwa. Ukimkabidhi mtu baiskeli ambayo unajua breki yake ya mbele haishiki, naye akajeruhiwa, dai litakuja mlangoni kwako.

Mzozo ukitokea, wengi huupeleka kwa wazee, katika utaratibu uitwao maslaha. Utaratibu huo umelaumiwa, na kwa haki, unapotumiwa kuzima kesi za dhuluma dhidi ya wanawake na watoto. Ila kwa baiskeli iliyopinda rimu unatosha kabisa. Mahakama ya Kadhi haihusiki, kwa kuwa Kifungu cha 170 cha Katiba kinaiwekea mipaka ya mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi. Anayetaka njia ya mahakama anaweza kutumia Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016, inayoruhusu madai yasiyozidi Sh1 milioni na kutaka kesi ikamilishwe ndani ya siku 60.

Usichukue kitambulisho

Kote nchini ni mazoea ya wakodishaji kushika kitambulisho cha taifa cha mkodi kama rehani. Garissa usifanye hivyo.

Sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kuvuka daraja la Tana kwa basi. Katika kaunti hizi kitambulisho huombwa vizuizini na mitaani mara nyingi kuliko kwingineko. Mwaka wa 1989 Wakenya wa jamii ya Kisomali walifanyiwa mchujo wa pekee na kupewa kadi ya ziada kuthibitisha uraia wao. Kwa miaka mingi baadaye vijana wa hapa walipitia kamati za ukaguzi kabla ya kupata kitambulisho, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuuondoa utaratibu huo mnamo Februari 2025. Kumpeleka mtu barabarani bila hati hiyo, hasa akiwa juu ya chombo ambacho si chake, ni kumtia katika hatari ya kulala kituoni kwa ajili ya ada ya siku moja.

Badala yake, andika jina na nambari ya simu, na upokee amana ya fedha kupitia M-Pesa. Ujumbe wa simu una tarehe, saa, kiasi na jina la mtumaji, nao utarejelewa na wazee na hakimu vilevile. Mpe mkodi karatasi fupi yenye sahihi yako inayosema kwamba umemkodisha baiskeli ya rangi na aina fulani, yenye nambari fulani ya fremu, hadi saa fulani. Nambari hiyo huwa imechongwa chini ya mhimili wa pedali au kwenye bomba la kiti. Wenye baiskeli wengi hawajawahi kuisoma mpaka siku ya kuripoti wizi.

Watu wawili wenye kuaminiana wanaweza pia kumtaja mdhamini, mtu wa mtaani anayejulikana na pande zote mbili. Katika mji ambamo kila mtu ana ndugu wa ndugu, hiyo ni kinga kubwa kuliko kufuli.

Miiba, mchanga na jua

Hapa ndipo mwongozo uliotungiwa Nairobi au Mombasa unapoishiwa na maarifa. Garissa iko tambarare, kiasi cha mita 150 tu juu ya usawa wa bahari. Milima haipo, lakini adui wengine wapo.

Wa kwanza ni mwiba. Migunga ya asili ina yake, mbigili wa ardhini ana wake, na juu ya hao amekuja mathenge, mti wa kigeni ulioletwa nchini katika miaka ya 1970 na 1980 kuzuia jangwa, ukasambaa kandokando ya Tana na kwingineko. Mwiba wa mathenge hupenya tairi jipya kama sindano ya kushonea magunia. Wakazi wa Baringo waliishtaki serikali kwa sababu ya mti huo, na mnamo 2006 wakampeleka mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake. Mwendesha baiskeli wa Garissa angeweza kupeleka tyubu zake.

Kwa hiyo kila mkataba useme waziwazi nani anaziba pancha. Desturi ninayoiona kuwa ya haki ni hii: pancha inayotokea njiani ni ya mkodi, nayo ni gharama ndogo, tairi lililokwisha meno ni la mwenyewe. Mkodi akiendelea kukanyaga juu ya tairi lisilo na upepo hadi rimu ikapinda, huo ni uzembe na atailipa rimu. Mwenye baiskeli naye afunge utepe mgumu wa mpira kati ya tairi na tyubu. Mafundi huukata kutoka tyubu kuukuu ya pikipiki, na hupunguza pancha kwa kiasi cha kuonekana. Kila baiskeli itoke na pampu, viraka, gundi na msasa. Gundi iliyoachwa juani hukauka, basi iangaliwe kila mara.

Adui wa pili ni mchanga. Tairi jembamba huzama katika njia za mitaani, ilhali tairi pana lililopunguzwa upepo kidogo hupita. Mnyororo uliojazwa mafuta huvuta mchanga na kugeuka msasa unaokula meno ya gia. Upakwe mafuta kidogo, kisha ufutwe kwa kitambaa kikavu. Anayevaa kanzu, diraa au buibui apewe baiskeli yenye kifuniko cha mnyororo na fremu ya chini. Nguo ikinaswa, mtu huanguka papo hapo.

Wa tatu ni jua. Mchana joto hupanda hadi nyuzi 35 na zaidi, na Februari na Machi ndiyo miezi mikali kupita yote. Safari za burudani zifanywe kati ya alfajiri na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi alasiri. Maji ya kutosha yabebwe hata kwa mwendo mfupi. Baiskeli isiegeshwe juani huku tairi limejaa upepo pomoni.

Bei isiyokula mtaji

Wengi huweka bei kwa kuangalia mfuko wa rafiki. Chukua mfano wa baiskeli ya Sh15,000 ambayo mwenyewe haiendeshi, ila huikodisha siku 50 kwa mwaka. Ikiwa thamani yake hushuka kwa Sh3,000 kila mwaka, na matairi, tyubu na fundi vikachukua Sh4,000 nyingine, basi kila siku ya kukodisha imebeba gharama ya Sh140 kabla ya faida yoyote. Anayetoza Sh100 anamlipa mkodi Sh40 aendeshe baiskeli yake. Weka hesabu yako mwenyewe katika daftari, na usimwonee mtu haya.

Anayekodisha mara moja moja kwa wenzake hana haja ya duka, lakini anayetundika bango na kupanga baiskeli tano kando ya barabara amefungua biashara, na leseni ya biashara iko chini ya serikali ya kaunti.

Mipaka ya safari

Taja mahali baiskeli inapoweza kufika. Mjini, Bour-Algi, na barabara ya lami iliyo karibu vinatosha kwa siku moja. Barabara ya Dadaab, umbali wa kilomita zipatazo 100, pamoja na njia za kuelekea mpakani, zisiruhusiwe. Tangu Kenya ilipopeleka majeshi yake Somalia mnamo Oktoba 2011, kaunti hizi zimeshuhudia mashambulizi mengi na mabomu ya kutegwa barabarani. Mara baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, kafyu iliwekwa kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni. Amri za namna hiyo zaweza kurudi bila ilani, basi chombo kirejee kabla ya magharibi. Wakati wa mvua kubwa, kama zile zilizoikata barabara ya Garissa mwishoni mwa 2023 na tena Aprili 2024, baiskeli isikodishwe kwa mtu anayekusudia kuvuka maji.

Baiskeli ikirudi, isipokewe gizani. Iegemezeni ukutani nyote wawili mchana ungalipo, zungusheni magurudumu, bonyezeni breki, hesabuni spoku na mpapase tairi zima kwa kidole, maana mwiba uliovunjikia ndani hungoja hadi asubuhi ndipo utoe upepo, wakati mkodi amekwisha kurudishiwa amana yake.