Ramani Iliyochorwa kwa Masikio

Huku Kisauni, upande wa Nyali, liko kaburi la Rosine Krapf, aliyefariki Julai 1844, mwaka ule ule waliohamia Mombasa. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, hakurudi kwao. Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, wakajenga kituo Rabai, naye Jakob Erhardt akaja 1849.

Siku zile, katika ramani za Ulaya, nchi iliyo nyuma ya Rabai ilikuwa karibu karatasi tupu. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann, akiongozwa na Bwana Kheri, aliona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi alikiita baridi tu. Rebmann, mzaliwa wa Ujerumani, alikitambua mara moja: theluji. Bwana Cooley wa London, asiyekuwa amefika kule, akaandika kwamba haiwezekani. Mwezi Desemba 1849 Krapf, akiwa Kitui, akauona mlima mwingine wenye theluji, ule ambao nchi yetu yaitwa kwa jina lake. Cooley hakusadiki hata hivyo. (Watu wa namna hii tunao katika kila baraza.)

Sasa sikilizeni habari ya Erhardt. Alikaa Tanga miezi kadhaa akiwauliza wenye misafara. Waliokwenda kwa njia ya Kilwa walisema, tulifika kwenye maji makubwa. Wa njia ya Unyamwezi, maji makubwa. Wa njia ya Tanga, vivyo hivyo. Yeye na Rebmann wakayaunganisha maji yote, na ramani yao iliyochapishwa 1856 ikaonyesha bahari moja tu, ndefu, yenye umbo la konokono asiye na nyumba. Wataalamu walibishana sana. Lakini ramani hiyo ndiyo iliyochochea safari ya Burton na Speke, ambao mwaka 1857 walimtembelea Rebmann huko Rabai. Mwaka 1858 wakafika Tanganyika, kisha Speke akafika Nyanza. Mwaka 1859 Livingstone akafika Nyasa. Maziwa yalikuwa matatu.

Basi wale wachukuzi na wafanyabiashara hawakusema uongo. Kila mmoja aliyaona maji kwa macho yake. Kosa lilikuwa katika kalamu iliyojaza nafasi baina ya shahidi na shahidi, mahali ambapo hakuna aliyepita.

Rebmann alikaa miaka 29 bila kurudi Ulaya. Alipoondoka mwaka 1875, macho yalikuwa yamekwisha. Aliyemwongoza safari ile alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Rabai.