Vazi kama Chanzo cha Historia: Mavazi ya Kisanaa na Maonesho ya Dragi miongoni mwa Wamarekani Weusi wa Kikwia, 1888–1990

1. Utangulizi

Mtafiti wa historia ya Wamarekani Weusi wa kikwia, yaani watu ambao jinsia au mapenzi yao hayakufuata kaida za jamii zao, hukabiliwa kwanza na tatizo la vyanzo. Barua na shajara zao zilizosalia ni chache. Sehemu kubwa ya kumbukumbu iliandikwa na polisi, mahakama na magazeti yaliyowaona kuwa wahalifu au kichekesho. Hata hivyo, kumbukumbu hizo zilishindwa kulipuuza jambo moja: mavazi. Makala hii inajenga hoja kwamba vazi katika maonesho ya dragi, ambamo msanii huvaa na kuigiza jinsia tofauti na ile aliyopangiwa na jamii, lilikuwa zaidi ya pambo. Lilikuwa dai la haki ya kukusanyika, ya kuonekana na ya kupimwa kwa vigezo vya wahusika wenyewe. Dai hilo linafuatiliwa kupitia mifano minne ya Washington na New York.

2. Gauni la satini

William Dorsey Swann alizaliwa utumwani katika jimbo la Maryland yapata mwaka 1860. Katika miaka ya 1880 aliandaa jijini Washington dhifa za siri za dansi, na baadhi ya waalikwa wake walikuwa pia wamezaliwa watumwa. Usiku wa tarehe 12 Aprili 1888 polisi walivamia mojawapo ya dhifa hizo. Magazeti yaliripoti kukamatwa kwa wanaume 13 weusi waliovaa nguo za kike, yakaeleza gauni la satini alilovaa Swann na jinsi alivyopambana na maofisa hadi likachanika.

Ripoti hizo zilikusudiwa kudhihaki. Hata hivyo, zikisomwa kinyume na kusudio lake, zinafichua mengi. Chini ya utumwa, bwana ndiye aliyeamua mtumwa avae nini, na kwa kawaida aligawa kitambaa duni. Kwa mtu aliyezaliwa katika hali hiyo, kujichagulia satini na kuilinda kwa mikono yake kulikuwa tendo la kujimiliki. Mwaka 1896 Swann alihukumiwa kifungo cha miezi 10 kwa shtaka lililoifanya dhifa yake ionekane kama danguro. Alimwomba Rais Grover Cleveland msamaha, akakataliwa. Ombi hilo ni muhimu kuliko matokeo yake, kwa kuwa lililifikisha suala la mkusanyiko wa watu hao mbele ya dola. Baadaye ndugu yake, Daniel, aliendelea kuwashonea mavazi wasanii wa dragi. Ufundi, kwa hiyo, ulidumu pale sheria ilipofunga mlango.

3. Harlem: ukumbi na gharama yake

Huko Harlem dhifa ziliingia ukumbini hadharani. Dhifa ya vinyago ya chama cha Hamilton Lodge, iliyoanza mwaka 1869, ilikuwa kufikia miaka ya 1920 mashindano mashuhuri ya mavazi ya dragi yaliyovuta maelfu ya watazamaji, weusi na weupe. Langston Hughes aliizungumzia katika kumbukumbu zake za mwaka 1940. Magazeti ya Weusi nayo yaliripoti manyoya, shanga na majina ya washindi, wakati mwingine kwa kejeli, wakati mwingine kwa mshangao wa dhati.

Katika kipindi hichohicho Gladys Bentley, mwimbaji na mpiga piano, alijulikana kwa suti nyeupe ya kiume na kofia ndefu. Suti hiyo ilitangaza mapenzi yake kwa wanawake kabla hajafungua kinywa. Lakini mwaka 1952, katika mazingira ya msako wa kisiasa, Bentley alichapisha makala katika jarida la *Ebony* akidai kuwa amerejea katika uanamke, na picha zikamwonesha amevaa gauni akifanya kazi za nyumbani. Ushahidi huu unaonesha upande wa pili wa hoja: ikiwa vazi lina uwezo wa kudai, lina pia uwezo wa kulazimishwa kukana.

4. Nyumba ya LaBeija

Mwaka 1967, katika mashindano ya urembo ya dragi yaliyofanyika New York, Crystal LaBeija alipinga hadharani ushindi wa mshindani mweupe, akiwatuhumu waandaaji kwa upendeleo. Tukio hilo limehifadhiwa katika filamu *The Queen* ya mwaka 1968. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishirikiana na Lottie LaBeija kuanzisha Nyumba ya LaBeija, iliyoandaa dhifa kwa ajili ya Weusi. Mfumo wa nyumba ulienea: kila nyumba ilikuwa na mama au baba, na "watoto" ambao mara nyingi walikuwa wamekataliwa na familia zao.

Filamu *Paris Is Burning* ya mwaka 1990 inaonesha washindani wakivaa kama wakurugenzi wa kampuni au askari. Yawezekana kuliona hilo kama kusujudia matabaka yaliyowatenga. Hata hivyo, Dorian Corey, fundi na msanii mkongwe, anaeleza humo kwamba anayefanana na mkurugenzi anathibitisha kuwa angeweza kuwa mmoja wao kama angepewa nafasi. Kwa maelezo hayo, vazi linaugeuza ubaguzi kuwa jambo linaloonekana: kilichokosekana ni fursa, wala si uwezo.

5. Hitimisho

Si kila gauni lilikuwa maandamano. Furaha na ushindani navyo vilikuwa na nafasi yake, na mwanahistoria hapaswi kuvifuta. Hata hivyo, kuanzia satini iliyochanika hadi suti ya mkurugenzi wa kuigiza, swali lililorudi lilikuwa moja: nani ana mamlaka ya kuamua mtu mweusi wa kikwia aonekaneje? Polisi, jarida na majaji walitoa majibu yao kwa maandishi. Wahusika waliyatoa ya kwao kwa kushona.