Babu yako alifikaje Mkula?

Waulize watu wa Mkula asili yao, utatajiwa majina ya sehemu nyingine. Huyu atasema Mahenge, yule Iringa, wa tatu atakuambia babu yake alitoka Songea. Kijiji kiko chini ya milima ya Udzungwa, kwenye barabara ya Kidatu kwenda Ifakara, na wengi waliokaa hapa walifuata kitu: shamba, mume, kazi, au walikuwa wanakimbia.

Ndiyo maana nakushauri, ukitaka kuujua ukoo wako, usianze na "sisi kabila gani". Swali hilo linaleta jibu fupi na mazungumzo yanaishia hapo. Uliza hivi: nani wa kwanza kufika, na alifuata nini? Jibu lake ndilo litakalokuonyesha karatasi zako ziko wapi.

Tuseme bibi anakuambia, "Wachina walipokuja nilikuwa na mtoto mgongoni, na wa kwanza ameshaanza darasa la kwanza." Hapo amekupa tarehe bila kutaja mwaka. Wachina ni wa reli ya TAZARA, ambayo ujenzi wake ulianza 1970, na pale jirani Mang'ula walikuwa na kambi na karakana kubwa. Mtoto wa darasa la kwanza ana miaka kama saba, kwa hiyo alizaliwa karibu na 1963. Kama bibi alimzaa akiwa na miaka 18 au 20, basi yeye ni wa 1943 hadi 1945. Sasa chukua kitambulisho chake. Kimeandikwa 1952! Yaani alizaa akiwa na miaka 11? Hapana. Karani alikadiria, kama alivyokadiria kwa maelfu ya wengine ambao karatasi zao zote zinasema 1 Januari au 1 Julai. Hapa kumbukumbu ya bibi ina uzito kuliko kadi ya serikali.

Makarani wa sensa nao wanaijua mbinu hii. Mtu asipojua umri wake, wanamsomea orodha ya matukio: Uhuru wa 1961, Azimio la Arusha la 1967, Operesheni Vijiji ya 1974. Wewe tengeneza ya kwenu. Kwa Kilombero ongeza kuanza kwa kiwanda cha sukari mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kutangazwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa mwaka 1992. Mafuriko yaache, maana yanakuja mara nyingi mno na kila mtu ana yake.

Ukivuka nyuma ya kizazi cha bibi, mambo yanabadilika. Kwa miaka mingi chini ya wakoloni kuandikisha kizazi hakukuwa lazima kwa Waafrika, kwa hiyo usitegemee cheti. Kama ukoo ni wa Kikatoliki, tafuta kitabu cha ubatizo. Misheni ya Kwiro, karibu na Mahenge, ilianzishwa na Wabenediktini mwaka 1902, na Wakapuchini kutoka Uswisi walipokea kazi hiyo miaka ya 1920. Jimbo la Ifakara lenyewe ni la juzi tu, 2012, kwa hiyo usishangae kama ukoo wa Mkula umeandikwa ng'ambo ya mto.

Ukifunguliwa kitabu hicho, usiangalie mstari wa jina peke yake. Angalia pembeni! Sheria ya Kanisa inataka mtu akifunga ndoa, hata parokia ya mbali, taarifa irudi na kuandikwa kwenye ubatizo wake. Binti ambaye nyumbani mnasema "alipotea" anaweza kuwa ameandikwa pale pembeni kwamba aliolewa wapi na nani. Angalia na wasimamizi wa ubatizo, maana mara nyingi huyo ndiye "shangazi" ambaye hakuna anayejua anaingiaje kwenye ukoo.

Kuna tatizo la tahajia. Wajerumani waliandika walivyosikia, kwa herufi zao: Bagamojo, Moschi, Aruscha. Yusufu mtafute kwenye J, Chande kwenye T, maana "ch" yao ni "tsch". Nyaraka zao nyingi zilizobaki ziko Dar es Salaam, kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Nenda na barua ya utambulisho na uvumilivu.

Lakini hata ukizisoma zote, utakuta waliosifiwa ni wale waliokuwa marafiki wa boma. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji walilishambulia boma la Mahenge na wakaangushwa kwa bombomu. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bondeni, alikuwa upande wa Wajerumani. Miaka 30 baadaye, mwaka 1935, mtema Towegale Kiwanga aliandika sura nzima ndani ya kitabu cha Waingereza wawili, mtu na mkewe Culwick, kuhusu Wabena hao. Ukoo wa mtema ukapata kitabu. Aliyekufa pale chini ya boma hakuandikiwa hata jina.

Waliojaribu kuziba pengo hilo walikuwa wanafunzi kama sisi. Mwaka 1968 Chuo Kikuu Dar es Salaam kiliwatuma vijana vijijini kusini wakawahoji wazee, chini ya wanahistoria Gilbert Gwassa na John Iliffe. Piga hesabu: aliyekuwa na miaka 15 wakati wa vita alikuwa na 78. Wangechelewa miaka kumi, wangekuta makaburi. Leo wanaokimbia hivyo ni wale walioshuhudia Uhuru wakiwa vijana.

Sasa jambo gumu. Ukichimba utakutana na kimya: babu aliyebeba bunduki ya Wajerumani, au bibi aliyeletwa kama mateka na baadaye akaitwa mke. Vitu hivi vina madhara hata leo, hasa pale shamba linapogawanywa na mtu akaulizwa "kwani wewe ni wa hapa?" Usimbane mzee. Mwamkie, kaa, msikilize, na kabla hujawasha kurekodi kwenye simu muombe ruhusa. Akisema "hili usiandike", usiandike.

Ila nenda pia kwa watani wa ukoo wenu. Msibani wao ndio wenye ruhusa ya kusema yale ambayo ndugu wanayafunika, wakacheka na watu wakacheka. Mtani mzee anaweza kukuambia kwa dakika tano, huku akikudai kuku, kwa nini babu yenu aliondoka Mahenge usiku.